Historia ya Pili ya Dkt. Cephas Nyagilo, Aliyezikwa Kwanza kwa Yago

Familia ya Mzee Elijah Nyagilo wa Kowili inawaomba radhi waombolezaji wote, kwa kuwa historia ya mtu huyu inasomwa kwenye uwanja huu kwa mara ya pili, na wale waliokuwepo tarehe 22 Aprili 2017 watazitambua sehemu za mwanzo, hazijabadilika, ila waliokuja leo kwa mara ya kwanza wasishtuke wala wasianze kunong'onezana na jirani, kwa kawaida sisi hatuziki mtu mara mbili, na kila jambo litaelezwa mahali pake.

Marehemu Cephas Ojwang' Nyagilo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1976 hapa Kowili, Rangwe, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Elijah Nyagilo, fundi wa mabati, na Mama Pamela Awuor, ambao wote wametutangulia. Alikuwa mtoto mtulivu mwenye ugonjwa mmoja tu, kuuliza vitu vinaenda wapi: chumvi ikiyeyuka inaenda wapi, moshi ukiisha unaenda wapi, na mama yake, aliyekuwa na watoto wengine wanne wa kulisha, alizoea kumjibu, "Imeenda Ndhiwa kwa nyanyako, ifuate." Inasemekana siku moja aliondoka kweli kuufuata moshi, akarudishwa na watu wa sokoni Rangwe akiwa amelala begani mwa muuza mihogo.

Upande wa masomo, alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1983 na kumaliza 1990, akajiunga na shule ya upili ya bweni Migori kutoka 1991 hadi 1994, kisha chuo kikuu kati ya 1996 na 2000, ambako alipata shahada ya ualimu katika kemia na hisabati, na baadaye shahada ya uzamili, 2009 hadi 2011. Kuhusu shahada yake ya uzamivu, yaani ule udaktari unaotajwa kwenye msalaba, tutaifikia, kwa sababu nayo ina historia yake.

Kwa kazi, alifundisha kemia katika shule ya kutwa karibu na mji wa Migori kuanzia Januari 2001, na mwaka 2012 akaajiriwa kuwa mhadhiri katika chuo kimoja, ambacho kimetuma mwakilishi na shada la maua na kuomba kwa heshima zote kwamba kisitajwe.

Alikutana na mkewe, Kezia Robi, binti wa Mzee Marwa wa upande wa Isebania, mwezi Juni 2001 katika soko la Migori, ambako binti huyo alikuwa akiuza vikapu alivyosuka kwa magugu ya ziwani na kuvipaka rangi ya buluu iliyokolea, hivi kwamba mikono yake mwenyewe ilikuwa ya buluu mpaka kwenye vifundo. Mwalimu alimsalimia kwa mkono, akautazama mkono wake kwanza kabla ya kumtazama binti wa watu, halafu akauliza, kikapu kikioshwa hii rangi inaenda wapi, naye Kezia akamjibu, "Inaenda mtoni, mwalimu. Kwani ulitaka iende kanisani?" Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 2002, ng'ombe wakiwa wamevuka kutoka Rangwe hadi Isebania bila matatizo, isipokuwa mmoja aliyerudi mwenyewe na kulazimika kupelekwa tena. Mungu aliwajalia watoto wawili, Liz Akoth, aliyezaliwa tarehe 30 Machi 2004, na Elvis, aliyezaliwa tarehe 11 Novemba 2008, na tangu Liz alipozaliwa mama yao amejulikana kwetu kama Mama Liz, ndivyo tutakavyomwita.

Mama Liz aliendelea na kazi yake ya vikapu hapa nyumbani, na maji ya rangi yakawa yanateremka kwenye kijito cha chini, mpaka siku moja mwaka 2013 jirani yetu Bwana Okari alipofika langoni akimvuta ndama kwa kamba, akamfungua mdomo mbele ya watu, ulimi ukaonekana wa buluu kabisa, akasema, "Mwalimu, ng'ombe wangu anakunywa wino. Keshokutwa ataniandikia barua." Watu walicheka, lakini marehemu hakucheka, alirudi ndani, na mwaka huohuo akajiandikisha kwa masomo ya uzamivu, ambayo chanzo chake rasmi kimeandikwa kwa maneno mengi sana, ila chanzo chenyewe ni ulimi wa yule ndama.

Alichotengeneza ni unga, wa kijani kibichi, laini kama unga wa wimbi, na kwa jinsi alivyotueleza sisi tusiojua kemia, ndani yake kuna vishada vidogo sana vya tungsteni na oksijeni, vimeunganishwa na atomi za shaba na vijiti vya kaboni, vikawa kama nyumba yenye vyumba visivyo na idadi na milango ya kipimo kimoja, maji yanapita huku na kutokea kule, ila rangi ikiingia inashikwa na kuta na haitoki. Alimwaga kijiko kimoja kwenye ndoo ya maji ya buluu mbele ya Bwana Okari, na wote waliokuwepo waliona buluu ikipungua bila kuchemka, bila povu, bila sauti yoyote, mpaka sura zao zikaonekana chini ya ndoo. Bwana Okari alipopewa glasi alisema aanze mwenye shamba, na marehemu akanywa. Mama Liz peke yake hakuipenda ile ndoo, alisema, "Hii haichuji, Baba Liz. Hii inameza," na tangu hapo alikuwa akigeuka pembeni kila unga ulipotiwa majini.

Jambo la pili la unga huo, ambalo ndilo limetuleta tulipo, ni kwamba ukipata unyevu unapitisha umeme wa aina yake, unaobebwa na protoni, ambazo ni viini vya hidrojeni, zinazopokezana ndani ya vile vyumba kutoka tone moja la maji hadi jingine, jinsi watu wanavyopokezana ndoo nyumba ikiungua. Ukiwa mkavu, hakuna kinachopita. Marehemu alishindilia unga huo ukawa kisahani chembamba kama shilingi ya zamani, akakibana kati ya vipande viwili vya waya, akaongeza betri ndogo na taa ndogo kuliko punje ya mahindi, na mtu akikipulizia, ule unyevu wa pumzi yake ulitosha kuiwasha taa, akivuta hewa ikafifia, akitoa ikawaka. Watoto waliiita taa ya pumzi. Iliwaka kwa Liz, kwa Elvis, kwa mchungaji, kwa Bwana Okari, na kwa ndama, ambaye kwa wakati huo alikuwa amekuwa fahali.

Tarehe 3 Aprili 2017, siku ya Jumatatu, marehemu alikwenda Osiri, Migori, kwenye mashimo ya dhahabu, kwa sababu alitaka kukipima kisahani chake mahali penye hewa ya unyevu kuliko zote. Baada ya kukitumia chini asubuhi alipanda kupumzika, akaliacha koti lake jeupe la maabara kwenye mdomo wa shimo pamoja na viatu, kisahani kikiwa mfukoni, akaazima gambuti na kushuka tena kuchukua maji ya chini kwa chupa. Shimo liliporomoka kabla ya saa nane mchana. Msimamizi wa shimo alihesabu watu kwa kuhesabu viatu vilivyobaki juu, njia ambayo hatuna la kuilaumu kwa sababu hakukuwa na nyingine, watu wakachimba wiki nzima, wengine wakapatikana, Cephas hakupatikana.

Wageni wetu waelewe hapa kwamba kwetu mtu asipopatikana hatuliachi kaburi lake likimsubiri, tunachukua tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia kama mkono wa mtu mzima, tunalipa jina lake, tunalilaza jenezani na kulizika kwa heshima zote, ili ardhi iache kumwita na wenzake waliobaki wapate usingizi. Yago la Cephas lilivishwa lile koti jeupe, lililokuwa na madoa ya buluu ya mkewe kwenye mikono, hakuna aliyekumbuka kuangalia mifuko, na tarehe 22 Aprili 2017 likazikwa hapo mnapopaona, kulia kwa nyumba yake. Historia ilisomwa. Mama Liz alimwaga rangi yake yote shimoni, akaosha mikono, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue mikono yake ikawa na rangi ya watu wengine. Mwezi Desemba chuo kilimtunuku marehemu shahada ya uzamivu, na mkewe akaenda kuipokea akiwa amevaa nyeusi.

Basi tarehe 9 Januari 2018, siku ya Jumanne, kama saa tisa alasiri, Mama Liz alikuwa akifagia uwanja huu alipomwona mtu amesimama langoni, amekonda, ana kovu kutoka sikioni hadi utosini, amevaa gambuti. Hakupiga kelele. Alimuuliza yeye ni nani, akasema, "Ni mimi, Mama Liz," naye akamuuliza, "Wewe yule aliyelala pale?" akimwonyesha kaburi kwa ufagio. Yule mtu akasoma msalaba, akasema, "Tarehe ya kuzaliwa wameipata sawa."

Ilivyokuwa ni kwamba mashimo ya Osiri hukutana huko chini bila wenyewe kujuana, marehemu alitambaa gizani akatokea kwenye shimo la watu wengine, akaangukiwa na jiwe, na waliomwokota wakampakia kwenye gari la kwanza lililokuwa likiondoka, nalo lilikuwa likivuka mpaka. Alikaa hospitali moja upande wa Tanzania akiandikwa Mgonjwa Asiyejulikana, hana jina wala kwao, hadi siku alipomwona muuguzi aliyemwagikiwa na dawa ya vidonda, vidole vyake vimekuwa vya zambarau, ndipo akasema neno la kwanza la maana tangu afike, nalo lilikuwa "Kezia."

Ungetegemea hapo kungekuwa na sherehe, na sherehe ingekuwepo, kama si Jaduong' Ogalo, baba mdogo wa marehemu na mzee wa ukoo, ambaye alisimama langoni akaweka fimbo yake kama kizuizi cha polisi, akasema boma moja haliwezi kulaza mtu na kaburi lake, ardhi ilikwisha kupewa Cephas na ikampokea, akiingia huyu itakuja kudai, na haitachagua imdai nani, na ndani kuna watoto. Atoe yago kwanza, ndipo aingie. Marehemu alikuwa mtu wa sayansi lakini alikuwa pia mtoto wa hapa, alimtazama Elvis, aliyekuwa na miaka tisa, akarudi nyuma hatua moja, akaenda kuishi kwenye kibanda cha mabati ng'ambo ya njia, kilichokuwa maabara yake, akiamini ni jambo la wiki mbili.

Kumbe yago halifukuliwi hivihivi. Katika vitabu vya serikali kaburi lile lilikuwa na Cephas Ojwang' Nyagilo, na kumfukua Cephas Ojwang' Nyagilo kunahitaji kibali, na kibali huombwa na jamaa wa marehemu, si marehemu mwenyewe. Alipofika ofisini na kueleza shida yake, afisa alimsikiliza vizuri sana, akauliza sababu ya kufukua, akajibiwa kwamba marehemu anataka kuingia kwake, akatafuta kwenye mashine akasema, "Hiyo sababu haiko kwa system, mzee. Iko ya kuhamisha mwili, na iko ya uchunguzi wa polisi." Akashauriwa afute kwanza cheti cha kifo. Waliohusika na vyeti wakataka barua ya chifu kwamba yuko hai, chifu akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba yeye ana mamlaka ya kuthibitisha kifo, uhai hajawahi kuombwa, ila kama watu wa juu watamwandikia atauthibitisha siku hiyohiyo. Chuo nacho kilimweleza kwamba shahada ile ilitolewa kwa marehemu, na kama yeye si marehemu basi si yake, anaruhusiwa kuomba nafasi upya. Alikuwa akirudi kutoka safari hizo akicheka, akimsimulia Mama Liz kila neno akiwa upande wake wa njia, naye upande wake.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulicheka. Likizo ya Aprili 2018, Liz alipokuwa amerudi kutoka bweni la Asumbi, baba yake alikuwa ametengeneza kisahani kipya, kwa sababu kile cha kwanza hakikujulikana kilipo, akamwita kibandani pamoja na Bwana Okari waje wakijaribu. Liz akapuliza, taa ikawaka. Okari akapuliza, ikawaka. Marehemu akakisogeza mdomoni kwake, akapuliza, taa ikabaki giza. Akasema ni betri, akaibadilisha. Liz tena, ikawaka. Yeye tena, giza. "Baba, jaribu tena," Liz alisema, naye akasema mdomo umekauka kwa dawa alizomeza kule hospitali, akanywa maji kikombe kizima, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na taa ikakaa pale kama jicho la samaki wa jana. Bwana Okari alikumbuka ghafla kwamba ana ng'ombe wa kukamua.

Liz alimweleza mama yake, na tangu siku hiyo Mama Liz akawa anaangalia. Aliona kwamba marehemu alichovya mikono yote miwili kwenye maji ya buluu kwa majaribio yake, akaitoa mikavu na safi, bila doa hata kwenye kucha, wakati yeye alihitaji mwezi mzima wa sabuni. Marehemu alikuwa na maelezo, alisema ameshika ule unga miaka mingi, umejaa kwenye ngozi, unameza rangi kabla haijakolea, na huenda ni kweli, sisi hatuwezi kubishana na daktari. Mama Liz hakubishana. Alipika kila siku, akabeba sahani mpaka langoni, akaiweka juu ya lile jiwe mnaloliona, akarudi ndani, na baadaye sahani ilikuwa tupu. Kwa miaka saba alilisha mtu ambaye yeye mwenyewe hakujua kama ni mumewe au ni kitu kingine kilichorudi na gambuti za mumewe, na kwa miaka saba mtu yule hakuomba kingine ila kulala chini ya paa lake mwenyewe na kuhesabiwa pamoja na wanaopumua. Serikali ilimkataa, ukoo ulimkataa, na, jambo lililomuuma zaidi, chombo chake mwenyewe kilimkataa. Kuna jioni alisikika akikisemesha: "Yawa, hata wewe?"

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2025 rafiki yake na mhadhiri mwenzake, Dkt. Mogaka, alikuja kwa Mama Liz akamwambia kwamba mtu wa kibandani anakohoa damu. Siku ya Jumapili tarehe 23 Februari, baada ya ibada, akiwa bado na nguo za kanisani, Mama Liz alitoka langoni, akavuka njia, akamshika mkono, akaja naye. Jaduong' Ogalo alikuwa amekaa pale pale, akauliza, "Kezia, unaingiza nani?" Akamjibu, "Baba, nimechoka kulisha jiwe. Watoto wamekuwa wakubwa, ardhi ikidai ije inidai mimi. Kama ni mzimu, ni mzimu wangu." Mzee aliitazama ile mikono miwili iliyoshikana, akaiangalia fimbo yake, akaisogeza.

Alimkalisha kwenye kiti cha mbele ya jiko, akatafuta sufuria lake la zamani, akachemsha rangi, ya kwanza tangu 2017, na marehemu, ambaye hakuwahi kuona kazi ikifanyika bila kuingiza mkono, akashika mwiko akamsaidia kukoroga. Rangi ilimrukia. Alipojipangusa, vidole vitatu vya mkono wa kulia vilibaki buluu. Wote wawili walivitazama, Mama Liz akaamka, akaleta kisahani, akakiweka mbele ya mdomo wa mumewe, na taa ikawaka, hafifu, kama kimulimuli kilichonyeshewa, ikazima, ikawaka. Marehemu alisema, "Nilisema ni betri."

Madaktari walieleza kwamba mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la mawe la siku ile ya Osiri, na kwamba hawakuelewa alikuwa akipumua kwa njia gani kwa miaka hiyo yote, swali ambalo Mama Liz aliwaambia hata yeye alikuwa nalo. Aliuguzwa nyumbani na hospitalini hadi Mei, akaomba arudishwe, akalala kitandani kwake, taa ikiwa kwenye mto, ikiwaka na kufifia, na vidole vyake havikuoshwa kwa amri yake mwenyewe. Siku ya Ijumaa tarehe 6 Juni 2025, saa kumi na dakika kumi alasiri, taa ilififia na haikuwaka tena, Mama Liz akakaa akiitazama muda mrefu kabla ya kumwita Liz.

Alipokwenda kuandikisha kifo, afisa aliingiza jina, mashine ikakataa, akamwambia kwa upole, "Huyu ameshakufa, mama," naye akajibu, "Najua, ndiyo maana nimekuja." Ikaamuliwa, baada ya simu nyingi, kwamba cheti cha 2017 kitumike, kwa kuwa yaliyomo sasa ni kweli, serikali haikukosea, iliwahi tu. Kwa hoja hiyohiyo kibali cha kufukua hakikuhitajika tena, maana tunamweka Cephas kwenye kaburi la Cephas. Na chuo kinawajulisha kupitia mwakilishi wake kwamba shahada ya uzamivu sasa ni yake bila pingamizi. Tunapiga makofi kidogo.

Kaburi lilifunguliwa juzi Alhamisi asubuhi, na ni lazima familia iseme yaliyoonekana, kabla hayajasemwa vibaya huko sokoni Rangwe. Jeneza lilikuwa limeoza, udongo umeingia, na mnajua udongo wetu ulivyo mwekundu, lakini koti lilikuwa jeupe kama limetoka dukani, bila tone la udongo, bila hata yale madoa ya buluu tuliyolizika nayo. Ndani ya koti yago lilikuwa limekauka, jepesi, tupu kama kibuyu, na Jaduong' Ogalo alilitoa yeye mwenyewe kwa nyuma ya boma bila neno, kama inavyotakiwa. Mfukoni kulikuwa na kisahani cha kwanza na taa yake.

Dkt. Mogaka alikifuta, akakitilia betri mpya. Akapulizia, giza. Liz, giza. Mchungaji, Elvis, Bwana Okari, wachimbaji wote, kila mmoja kwa zamu yake, giza. Jana mwili ulipofika kutoka mochari, Mama Liz alikichukua akakiweka jenezani, juu ya kifua cha mumewe karibu na kidevu, na taa ikawaka. Dkt. Mogaka ameiomba familia iwaeleze kwamba mwili uliotoka kwenye baridi hutoa jasho, jasho ni unyevu, na unyevu unatosha, ni sayansi ya kawaida. Alipoulizwa kwa nini basi kisahani hicho kilikataa pumzi ya watu wote walio hai, alisema atalitafutia jibu, akaomba maji ya kunywa.

Kwa hiyo mtakapopita kutoa heshima za mwisho, msishangae vidole vitatu vya buluu, na msikimbie taa. Ni kazi yake. Ila Mama Liz ameweka sharti moja, na familia imelikubali ingawa ratiba inasema saa saba kamili: mara ya kwanza alizika bila kuhakikisha, mara hii jeneza halitashushwa mpaka taa izimike yenyewe. Amekaa pale na mkono juu ya kioo cha jeneza tangu asubuhi, na mstari wa mwisho wa historia hii, ambao tayari umeandikwa, hautasomwa mpaka ainue mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa pande zote mbili za mpaka, hasa yule muuguzi wa dawa ya zambarau ambaye hatujui jina lake, inamshukuru Bwana Okari na majirani wote waliopita njia iliyo katikati ya mume na mke kwa miaka saba na kusalimia pande zote mbili, inamshukuru Dkt. Mogaka na wenzake wa chuo, chifu wetu, ambaye leo yuko ndani ya mamlaka yake, Jaduong' Ogalo kwa kuisogeza fimbo, na wachimba kaburi, waliofanya kazi mara mbili. Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, ndugu watatu, na unga wa kijani kilo moja na nusu, ambao Liz, anayesomea kemia sasa, amesema hautaguswa na mtu.

Tunasubiri kidogo. Wenye viti wakae, wenye watoto wawatulize.

Mama Liz ameinua mkono, nao ni wa buluu mpaka kwenye kifundo, mnauona.

Cephas Ojwang', mwana wa Nyagilo, umehesabiwa. Pumzika kwa amani.